Kwa Nini Sindano Moja ya Pepopunda Haitoshi

Mjamzito anayeanza kliniki bila kumbukumbu yoyote ya chanjo huchomwa sindano ya pepopunda siku hiyohiyo, kisha huambiwa arudi baada ya wiki nne kwa sindano ya pili. Ya tatu hufuata miezi sita baadaye, ya nne mwaka mmoja baada ya tatu, na ya tano mwaka mwingine tena. Wengi huishia ya pili. Wengine huishia ya kwanza, wakiamini kwamba ukishachomwa umeshakingwa. Mwaka 2014 nchini Kenya, wakati wa kampeni ya chanjo hii, yalizuka mabishano makali ya hadharani, na miongoni mwa maswali yaliyoulizwa ni haya: mbona wanalengwa wanawake, na mbona sindano nyingi hivyo? Ni maswali ya haki na majibu yake yapo. Yamo katika namna chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B zinavyotengeneza kingamwili, yaani protini za ulinzi, kazi ambayo haikamiliki kwa siku moja wala kwa sindano moja.

Tuanze na kinachokingwa. Pepopunda husababishwa na bakteria aitwaye Clostridium tetani. Mbegu zake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama kwa miaka mingi, na maji yanayochemka kwa dakika chache hayatoshi kuziua zote. Zikiingia katika jeraha lenye kina lisilopata hewa, au katika kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu na kupakwa samadi au udongo, huchipua na kuanza kutoa sumu. Bakteria mwenyewe hasambai mwilini. Sumu ndiyo inayoua, na inakadiriwa kwamba nanogramu 2.5 tu kwa kila kilo ya uzito wa mtu zinatosha kumuua. Sumu hiyo huingia kwenye ncha za mishipa ya fahamu pale inapokutana na misuli, husafiri ndani ya mshipa hadi kwenye uti wa mgongo, na huko huzuia ujumbe unaoituliza misuli. Ndipo taya hubana, shingo hukakamaa na mgongo hupinda.

Jambo moja hapa linaeleza mengi yatakayofuata: sumu ikishaingia ndani ya mshipa wa fahamu, hakuna kingamwili inayoweza kuifuata. Kingamwili hufanya kazi nje ya seli, kwenye damu na kwenye majimaji ya mwili. Kwa hiyo ni lazima ziwepo kabla, tena kwa kiwango cha kutosha.

Mwaka 1890 mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda, yakichomwa kwa mnyama mwingine, humkinga na sumu hiyo. Kulikuwa na kitu ndani ya majimaji hayo kinachoibatilisha sumu. Kitu hicho ndicho tunachokiita leo kingamwili.

Seli inayosubiri sumu ambayo haijawahi kuiona

Seli B huzaliwa katika uboho wa mifupa, mamilioni kwa mamilioni kila siku. Kila moja, kabla ya kutoka, hutengeneza kipokezi chake, yaani kishikio kilicho juu ya seli ambacho baadaye humwagwa nje kama kingamwili. Hapo hutokea jambo ambalo kwa muda mrefu wanasayansi hawakulielewa: jeni za binadamu hazizidi sana elfu ishirini, sasa mwili unapataje vipokezi vya mabilioni ya maumbo tofauti? Jibu lilitolewa na Susumu Tonegawa mwaka 1976, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Jeni ya kipokezi haiji nzima. Huja vipande vipande, na kila seli B huvikata na kuviunga kwa bahati nasibu. Kipokezi huundwa na minyororo ya protini ya aina mbili, mzito na mwepesi. Kwa mnyororo mzito kuna vipande takribani 40 vya aina ya kwanza, 23 vya aina ya pili na 6 vya aina ya tatu. Mnyororo mwepesi nao huungwa kwa njia hiyohiyo. Kwa kuunganisha vipande tu hupatikana michanganyiko zaidi ya milioni moja na nusu. Isitoshe, pale vipande vinapoungana seli huongeza na kupunguza herufi za DNA bila mpangilio, na idadi huruka hadi mabilioni.

Seli moja hubeba vipokezi kama 100,000 juu ya ngozi yake, vyote vya umbo moja. Seli ambayo kipokezi chake kinashika viungo vya mwili wenyewe kwa kawaida huuawa au hulazimishwa kubadilisha kipokezi kabla ya kuachiwa. Zinazobaki huzunguka kwenye damu, bandama na tezi za limfu. Maana yake ni kwamba, kabla hujachomwa sindano yoyote, tayari unazo seli B chache zenye kipokezi kinachoshika sumu ya pepopunda. Zimekuwapo kwa bahati tu. Tatizo ni uchache wake, na kwamba ushikaji wake ni dhaifu.

Siku ya sindano na wiki zinazofuata

Chanjo yenyewe ni sumu halisi iliyotibiwa kwa kemikali ya formalini hadi ikapoteza ukali wake huku umbo lake likibaki karibu lilelile. Siku hizi mara nyingi huandikwa Td kwenye kadi, kwa kuwa imechanganywa na kiasi kidogo cha chanjo ya dondakoo. Dozi ni nusu mililita, huchomwa ndani ya msuli wa bega. Imenatishwa juu ya chembechembe za chumvi ya aluminiamu, ambazo huamsha mwasho mdogo mahali pa sindano. Maumivu na uvimbe wa siku moja au mbili ndio mwasho huo, na una kazi yake: huita seli za ulinzi zije kuichukua chanjo na kuipeleka kwenye tezi za kwapani.

Aliyewahi kupata kidonda cha mguu kisha akaota mtoki kwenye kinena ameshaugusa mtambo huu kwa vidole. Tezi huvimba kwa sababu seli zinamiminika humo na kugawanyika.

Ndani ya tezi, seli B yenye kipokezi kinachofaa hukamata protini ya chanjo, huimeza, huikatakata, kisha huvitoa vipande nje na kuvionyesha kwa seli nyingine iitwayo seli T msaidizi. Seli T ikivitambua vipande hivyo, hutoa kibali. Bila kibali hicho seli B nyingi hazisongi mbele, na zikisonga hutoa kingamwili hafifu za muda mfupi zisizoacha kumbukumbu ya maana. Hii ndiyo sababu watoto chini ya miaka miwili hawanufaiki na chanjo iliyotengenezwa kwa sukari tupu ya ganda la bakteria: seli T haitambui sukari. Dawa yake ilikuwa kuifunga sukari hiyo kwenye protini. Na protini mojawapo inayotumika ni hiyohiyo ya chanjo ya pepopunda. Ndivyo ilivyotengenezwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina ya A iliyoanza kutolewa kwa umma Burkina Faso mwaka 2010.

Baada ya kibali, njia hugawanyika mara mbili. Baadhi ya seli B hugeuka haraka kuwa viwanda vya kingamwili, yaani seli plazma, na kila moja huweza kumwaga maelfu ya kingamwili kwa sekunde. Hizi za mwanzo ni hasa aina ya IgM, nyingi hufa baada ya siku au wiki chache, na ushikaji wake bado ni wa kubahatisha.

Nyingine huingia katika sehemu maalumu za tezi ambamo kazi kubwa hufanyika. Huko seli B hugawanyika kila baada ya saa chache, na kila inapogawanyika hukosea kwa makusudi jeni za kipokezi chake, kwa kasi inayofikia mara milioni ya makosa ya kawaida ya DNA. Makosa mengi huharibu kipokezi, na seli hiyo hufa hapohapo. Machache hukifanya kishike zaidi. Seli zenye mabadiliko hayo hunyakua chanjo nyingi kuliko wenzake, hupata msaada wa seli T, hugawanyika tena, hukosea tena, huchujwa tena. Mzunguko huu huanza kushika kasi wiki ya kwanza na huendelea kwa wiki kadhaa. Wakati huohuo seli hubadilisha aina ya kingamwili kutoka IgM kwenda IgG bila kubadilisha kile inachokishika.

Mwisho wa mchujo hutoka makundi mawili. Kuna seli plazma za muda mrefu, ambazo huhamia kwenye uboho na kuendelea kutoa kingamwili kwa miaka. Na kuna seli B za kumbukumbu, ambazo hazitoi chochote. Huzunguka tu, zikisubiri.

Sasa tuhesabu sindano

Kiwango ambacho maabara nyingi hukihesabu kuwa kinga dhidi ya pepopunda ni yuniti 0.1 za kingamwili kwa mililita ya damu kwa kipimo cha kawaida. Baada ya sindano ya kwanza watu wengi hawafiki hapo, au hufika na kushuka mapema. Hilo halimaanishi sindano imepotea bure, kwa kuwa seli za kumbukumbu zimeundwa. Ila mtu aliyechomwa mara moja hajalindwa. Uchunguzi uliofanywa New Guinea na kuchapishwa mwaka 1961 ulilionyesha hili kwa wajawazito: watoto wa waliochomwa mara moja hawakuonekana kulindwa, na waliochomwa mara tatu waliwalinda watoto wao kuliko waliochomwa mara mbili.

Sindano ya pili hukuta hali tofauti kabisa. Seli za kumbukumbu ni nyingi kuliko zile chache za mwanzo, vipokezi vyake vimeshachujwa, na huamka ndani ya siku chache. Kiwango hupanda upesi na juu zaidi. Kwa mujibu wa ratiba ya Shirika la Afya Duniani, sindano ya pili hutoa kinga ya mwaka mmoja hadi mitatu, ya tatu angalau miaka mitano, ya nne angalau kumi, na ya tano kwa kipindi chote cha uzazi. Kila sindano hurudisha baadhi ya seli za kumbukumbu kwenye mchujo na kuongeza seli plazma zinazodumu kwenye uboho.

Kwa nini basi tusizipige zote ndani ya mwezi mmoja? Kwa sababu ya muda wa mchujo. Ukichoma ya pili baada ya wiki moja, mchujo wa kwanza haujatoa matunda, na chanjo mpya hukutana na seli ambazo bado ziko kazini. Pengo lisilopungua wiki nne huziacha zimalize sehemu kubwa ya kazi. Pengo la miezi sita kabla ya ya tatu ni bora zaidi kwa kinga ya kudumu.

Pengo likirefuka kupita ratiba, hakuna kuanza upya. Hili husahaulika hata na baadhi ya watoa huduma. Mama aliyechomwa mara mbili kwa ujauzito wa miaka minne iliyopita, na kadi inaonyesha hivyo, anaendelea na ya tatu. Seli za kumbukumbu hazifuti hesabu kwa kuwa tarehe imepita.

Kinga inavyovuka kondo la nyuma

Swali la kwa nini wanalengwa wanawake linajibiwa hapa. Mtoto mchanga anapopata pepopunda, dalili huanza kati ya siku ya 3 na ya 28 tangu kuzaliwa. Hakuna chanjo inayoweza kumfundisha mtoto huyo ndani ya siku hizo. Mchujo tulioueleza unahitaji muda ambao yeye hana. Njia ni kumkabidhi kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, na mtu pekee anayeweza kufanya hivyo kabla hajazaliwa ni mama yake.

Kingamwili ya IgG ina umbo la panda ya manati: ncha mbili zinazofanana hushika adui, na mkia mmoja huamua kazi. Mkia huo hushikwa na kipokezi maalumu kwenye kondo la nyuma, ambacho huivusha IgG kutoka damu ya mama hadi ya mtoto. Uvushaji huanza kidogokidogo kuanzia kama wiki ya 13 ya ujauzito, lakini sehemu kubwa hufanyika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto aliyetimiza miezi yake mara nyingi huzaliwa na IgG ya pepopunda sawa na ya mama au kuizidi. IgM haivuki, maana ni vipande vitano vilivyofungwa pamoja, na kipokezi hicho hakiishiki. Ndiyo maana zile kingamwili za haraka za sindano ya kwanza hazimsaidii mtoto, na ndiyo maana inasisitizwa sindano ya pili itangulie kujifungua kwa angalau wiki mbili. Mtoto njiti hukatiwa uvushaji kabla ya wakati. Malaria kwenye kondo la nyuma na maambukizi ya VVU kwa mama pia hupunguza kingamwili zinazovuka, na hiyo ni sababu nyingine ya kutopuuza dawa za kuzuia malaria na dawa za kufubaza VVU wakati wa ujauzito.

Kingamwili za kupewa huisha. IgG hupungua nusu kila baada ya wiki tatu hivi. Chukua mtoto aliyezaliwa na yuniti 1.6 kwa mililita: wiki ya 3 anabaki na 0.8, wiki ya 6 ana 0.4, wiki ya 9 ana 0.2, na wiki ya 12 yuko kwenye 0.1, ukingoni. Kumbe chanjo ya watoto ya pamoja yenye pepopunda ndani yake hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ili seli B za mtoto mwenyewe zishike zamu kabla akiba ya mama haijakauka.

Maziwa ya mama, hasa ya siku za kwanza yaliyo mazito na ya njano, yana kingamwili pia, lakini hasa za aina ya IgA. Hizo hubaki kwenye utumbo wa mtoto na humkinga dhidi ya kuhara na vijidudu vinavyoingia kwa mdomo. Ni kinga kubwa, ila haiingii kwenye damu kiasi cha kuzuia sumu ya kitovu. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Kingamwili za mama zikiwa bado kwenye damu ya mtoto huleta pia mambo mawili yanayowachanganya wazazi. Chanjo ya surua husubiri hadi miezi 9 kwa sababu ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kingamwili za mama zingevikamata kabla seli B za mtoto hazijaviona. Vilevile, kipimo cha haraka cha VVU hutafuta kingamwili, hivyo kwa mtoto wa chini ya miezi 18 huweza kuonyesha kingamwili za mama. Mtoto huyo hupimwa virusi vyenyewe.

Mahali mambo yanapoharibika

Chanjo ya pepopunda huogopa kuganda kuliko inavyoogopa joto. Hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ikiganda, chembe za aluminiamu hushikana mabonge, na chanjo hupoteza nguvu ya kuziamsha seli. Ikiyeyuka huonekana nzima, na hapo ndipo hatari ilipo. Mhudumu anayeshuku huchukua kichupa kingine cha aina ileile, toleo lilelile, hukigandisha makusudi na kukiyeyusha, kisha huvitikisa vyote viwili pamoja na kuviweka mezani. Kile kilichogandishwa huacha tope chini upesi na maji juu hubaki maangavu. Kama kichupa kinachoshukiwa kinatuama kwa kasi hiyohiyo au zaidi, hakitumiki. Pakiti za barafu zilizotolewa moja kwa moja kwenye friza na kuegemezwa kwa vichupa ni chanzo cha kawaida cha uharibifu huu.

Kosa la pili liko kwenye jeraha. Mtu aliyekanyaga msumari wenye matope na hajui historia ya chanjo yake anahitaji vitu viwili. Chanjo itaziamsha seli zake, lakini kama hana kumbukumbu itachukua wiki, na pepopunda huweza kuanza baada ya siku 3 hadi 21. Kwa hiyo hupewa pia kingamwili zilizotengenezwa na wengine, kwa kawaida yuniti 250 za kingamwili za binadamu, kwa sindano na sehemu tofauti ya mwili ili zisiibatilishe chanjo pale inapoingia. Mahali pengine bado hutumika za farasi, ambazo huisha mwilini haraka zaidi na huweza kuleta mzio mkali, hivyo hujaribiwa kwanza kwa kiasi kidogo. Kidonda nacho husafishwa na nyama iliyokufa huondolewa, maana bila hivyo kiwanda cha sumu kinabaki. Aliyekamilisha sindano tatu au zaidi, na ya mwisho haijapita miaka mitano, hahitaji sindano hata kwa jeraha chafu. Ikiwa imepita mitano, moja inatosha kuziamsha seli za kumbukumbu.

Wanaume ndio walioachwa nyuma katika hesabu hii. Wengi walipata dozi za utotoni tu, kisha wakaishi miaka ishirini bila kuamshwa tena. Katika mipango ya tohara ya hiari Afrika Mashariki na Kusini waliripotiwa wagonjwa wa pepopunda, na Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kuwachanja wanaotahiriwa, likiweka masharti makali zaidi pale kinapotumika kifaa kinachoibana ngozi mpaka ife, kwa kuwa nyama iliyokufa ndiyo bakteria huyu anayoipenda. Shirika hilo sasa linapendekeza dozi sita kwa wavulana na wasichana sawasawa: tatu za uchanga, moja katika mwaka wa pili, moja kati ya miaka 4 na 7, na moja kati ya miaka 9 na 15.

Na aliyeugua pepopunda akapona? Wengi hudhani ameshapata kinga kama aliyepona surua. Hajapata. Kiasi cha sumu kilichomlaza hospitalini ni kidogo mno kuziamsha seli B zake, na sehemu kubwa ilijificha ndani ya mishipa ya fahamu zisikofika. Anaweza kuugua tena kwa jeraha jingine. Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani anatakiwa awe ameshachomwa sindano ya kwanza, na kadi mkononi yenye tarehe ya pili.